Leo Hasalimii Mtu

Watu wa Mandewa walimpenda Nathanaeli kwa kukoroma kwake. Mtoto mdogo, hata shule hajaanza, shingo nyembamba kama bua la mtama, lakini akilala ukuta unamwitikia. Asubuhi bombani majirani walimchokoza mama yake, Witness.

"Mama Nathani, lile trekta lenu jana lililima shamba la nani?"

Witness alicheka nao. Ukitaniwa bombani ukanuna, ndoo yako itajaa ya mwisho. Hakuwaambia kwamba sauti ile haikuwa ikimtisha. Kilichomtisha ni pale ilipokata.

Kwa maana ilikuwa ikikata. Trekta linalima vizuri, mara linazima, kimya. Kifua cha mtoto kinaendelea kupanda, mbavu zinajichora, tumbo linazama ndani, kama mtu anayevuta kamba ya kisima na ndoo imenasa huko chini. Anavuta, anavuta, hewa haiji. Witness akiwa amelala ubavuni pake, kiganja juu ya kifua kile, anasubiri huku akiwataja watakatifu wote anaowajua na wengine anaowabuni. Halafu mtoto anakurupuka, anakaa kitako, macho wazi yasiyoona, anaimeza hewa kwa kishindo kama aliyetolewa ziwani, jasho linamtiririka. Kisha anaanguka tena kwenye mto. Na trekta linawaka upya.

Kulipokucha Nathanaeli hakukumbuka kitu. Aliyokumbuka mama yake yaliwatosha wote wawili.

Tangu alizeti zivunwe Witness hakuwa amelala usingizi wa kueleweka. Alikuwa ameanza masomo ya jioni, apate kukimalizia kidato alichokiachia njiani tumbo lilipoanza kuonekana, na alikuwa akiyapenda kama mtu anavyopenda nguo mpya. Lakini sasa alikuwa akifika darasani, anafungua daftari, na kichwa kinakwenda chini chenyewe. Siku mwalimu alipomwuliza kama amekuja kusoma au kupanga chumba, darasa zima lilicheka. Naye akacheka. Kesho yake hakwenda. Wala kesho kutwa.

Hospitali alikwenda. Asije mtu akasema hakwenda. Alikwenda mara mbili, na mara zote mbili daktari alikuwa yuleyule, kijana mmoja mpole aliyeitwa Noel, na mara zote mbili Nathanaeli alilala kwenye benchi kabla jina lao halijaitwa. Mtoto yule alikuwa akilala mchana popote pale, hata na tonge mkononi. Walipoitwa, Witness alimimina maji kiganjani, akampangusa uso, akamnyoosha kola.

"Amka, mwanangu. Amka umsalimie daktari."

Ukoo wa mume wake haukuwa na ng'ombe wengi, lakini ulikuwa na shikamoo. Mama mkwe wake, Bibi Esta, alikuwa akisema mtoto anayeingia mahali bila kusalimia ni mbuzi, tofauti yao suruali.

"Shikaboo, daktari," alisema Nathanaeli.

Pua zake zilikuwa zimeziba tangu ananyonya, na kila m ikifika mdomoni mwake ilitoka b. Mbuzi alikuwa bbuzi, mchele ulikuwa bchele, na mama yake alikuwa "baba". Mtaani ilikuwa mchezo wa kuigiza: mtoto anaita "Baba!" na mwanamke anaitika "Abee!" Watu wanashika mbavu.

Daktari Noel naye alitabasamu. "Marahaba, mwanaume. Unaumwa nini?"

"Siubwi."

Akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kifua safi. Akamwuliza Witness shida ni nini hasa. Na Witness, aliyekuwa amejipanga njia nzima kusema kwamba mtoto wangu akilala anakufa, kisha anarudi, kisha anakufa tena, akajikuta anasema, "Usiku anapata shida kidogo ya pumzi." Mbele ya daktari mtu husema kidogo hata kama nyumba inaungua.

"Inaweza kuwa pumu," alisema Noel mara ya kwanza, akaandika dawa ya maji. "Mafua haya nayo yanachangia," alisema mara ya pili, akaandika ya matone na ya minyoo. Mtoto aliyesimama mbele yake alikuwa macho, uso umeoshwa, anavuta kifaa cha kusikilizia na kuuliza kama kina redio ndani. Angeona nini?

Picha ya kumwonyesha daktari hakuwa na namna ya kupiga. Simu yake ilikuwa kitochi cha vitufe. Ile ya kioo alikuwa nayo mume wake, Paskali, huko Itigi alikofuata asali. Alikuwa peke yake na jambo lake. Wazazi wake walimwita Witness, yaani shahidi, wakidhani wanampa jina la kanisani. Kumbe walikuwa wanampa kazi. Na shahidi mmoja hafungi kesi.

*

Bibi Esta alifika kutoka Ikungi na kuku wawili na furushi la mlenda mkavu, akapewa chumba cha pili. Asubuhi ya kwanza alitoka uso umemkunjuka.

"Mjukuu wangu analala usingizi wa pono. Nimemsikia. Mtoto aliyeshiba huyo."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona macho yamekuvimba?"

Witness alikuwa anakoroga uji, akaweka mwiko chini. Akamweleza. Safari hii hakusema kidogo. Alieleza kimya kile, na mbavu, na jinsi anavyokaa ameshika shati la mtoto kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi anayetumbukia korongoni. Bibi Esta alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamwita Nathanaeli, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Kimeo," alisema. "Tazama kilivyoshuka. Kinamziba njia. Mnamnywesha madawa bure."

Kile kinyama kinachoning'inia kooni kila mtu anacho, na huko kwao mtoto akikohoa sana, akikonda, akitapika, ndicho kinachobebeshwa kesi. Kinakatwa. Paskali alikatwa. Shangazi zake wote walikatwa, na mkataji alikuwa Mzee Simeoni, ambaye bado yupo na mkono wake bado ni mwepesi.

"Mama, kuna dada tuliyekuwa naye darasani. Wa kwake alikatwa, akavuja damu mpaka akaongezewa nyingine."

"Wanaovuja ndio unaowasikia. Waliopona wanakula mlenda, hawana muda wa kujitangaza." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, mimi sikuja kumwumiza. Wewe una nini kingine? Kama unacho, nitajie, nitakufuata."

Witness akaitazama chupa ya dawa ya maji. Hakuwa nacho.

Alimpigia Paskali akiwa amejificha nyuma ya choo. Nathanaeli, aliyekuwa anamfuata kama kivuli, akadandia simu: "Baba!"

"Naam, mwanangu," aliitika Paskali.

"Siyo wewe. Baba! Nataka baji."

"Anaita mimi, anataka maji," alisema Witness, na Paskali akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia alimsikiliza mke wake, akavuta pumzi.

"Witness, na mimi nilikatwa. Niko hapa, nabeba ndoo za asali."

"Na kama si kimeo?"

"Basi ni nini? Hospitali umekwenda, na ukienda tena utapewa dawa ya maji tena. Simu yako kimeo, baiskeli yangu kimeo, mtoto naye kimeo. Kitu kikiwa kimeo, kibovu, kinapelekwa kwa fundi." Alingoja acheke. Hakucheka. "Sikia, mama Nathani. Naogopa na mimi. Nikilala huku najiuliza saa hizi anapumua? Ila siko hapo. Mama yupo. Mama amelea."

Mfa maji haachi kutapatapa. Witness alirudi ndani akasema sawa, mama, twendeni, na usiku ule alikaa akimtazama mwanawe mdomo ulivyoachama, akikitafuta kile kinyama gizani kwa mwanga wa kitochi. Alikiona. Kilikuwa kidogo, chekundu, kinatetemeka kila mtoto alipovuta hewa. Akakionea huruma, akajishangaa.

*

Mzee Simeoni alikuwa mtu msafi. Witness alikuwa amejiandaa kumchukia, na usafi ule ulimpokonya silaha. Ua ulifagiliwa, kibanda cha bati kilikuwa na mkeka mpya, na chuma chake chenye kikulabu kilikuwa ndani ya bakuli la maji yanayotoa mvuke. Wanawake walikuwa wameketi na watoto wao wakisubiri, wanapiga soga za bei ya vitunguu kama walio kwa kinyozi. Kutoka ndani ya nyumba mtoto alilia mara moja, kilio kilichokatwa katikati, kisha akatoka na mama yake akitema damu kwenye kitambaa. Wanawake wakasema pole, pole, umekuwa shujaa, wakarudi kwenye vitunguu.

Nathanaeli alikuwa amelala. Bajaji ilimbembeleza, na walipoketi alijilaza chali mapajani mwa bibi yake. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi Esta kumpakata akiwa usingizini. Trekta likaanza.

"Eh, huyo wenu ameshiba," alisema mwanamke wa pembeni.

"Uji wa uwele huo," alisema Bibi Esta kwa fahari, akimpepea kwa ncha ya kanga. "Kwetu hatulei watoto kwa chai."

Wakacheka. Na katikati ya kicheko trekta likazima.

Witness aliusikia ule ukimya kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa sokoni. Akageuka. Bibi Esta alikuwa bado anapepea, bado anatabasamu, halafu mkono wa kanga ukasimama. Aliangalia chini. Mbavu za mjukuu wake zilikuwa zinajichora chini ya shati, tumbo linaingia, kinywa kiko wazi, na hakuna kinachopita. Aliweka kiganja mbele ya ule mdomo. Akakitoa, akakirudisha.

"Witness," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Hapumui."

Witness alikwishafika. Alimgeuza mtoto ubavu, akamwinua kidevu, na Nathanaeli akakurupuka na ule mkoromo wa aliyetolewa majini, mikono ikitafuta pa kushika, ikakamata kanga ya bibi yake ikaivuta hadi ikamvuka begani. Kisha macho yakafunga tena.

Mkekani hakuna aliyesema habari ya vitunguu.

"Kila siku?" aliuliza Bibi Esta.

"Kila anapolala, mama. Usiku kucha."

"Na daktari alipoyaona haya, akasema mafua?"

"Hajayaona. Nilimwambia tu."

"Hajayaonaje, na mtoto analala hata akiwa anakula?"

Witness alimtazama mwanawe aliyelala. Aliliona benchi la hospitali. Aliyaona maji kiganjani, kola ikinyooshwa. Amka, mwanangu, umsalimie daktari. Mara mbili alimpeleka mgonjwa hadi mlangoni, na mara mbili akauacha ugonjwa nje, kwa adabu.

"Nilimwamsha," alisema. "Mara zote nilimwamsha asalimie."

Bibi Esta aliirudisha kanga begani. Mwenye msemo wa mbuzi na suruali alikuwa yeye, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Mzee Simeoni alijitokeza mlangoni akipangusa mikono. "Esta, zamu yenu. Lete mjukuu."

"Simeoni, ulimkata baba yake. Baba yake alikuwa anakohoa. Hakuwa hivi."

"Kimeo kikitoka, na hilo litaisha."

"Labda. Ila wewe unakata wanaovuta hewa." Alikuwa akimfunga Nathanaeli mgongoni, polepole, kama anayefunga mayai. "Huyu akikukatikia pumzi na damu iko kooni, utashika lipi? Zamu yetu mpe mwingine."

Mzee akatikisa kichwa, akamwita mtoto mwingine. Mwanamke wa pembeni aliyesema mtoto ameshiba alikuwa ameanza kukusanya viatu vya wa kwake, akajifikiria, akaketi tena.

*

Nesi wa mlangoni alikuwa mkarimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. "Mwamsheni mapema, bibi, daktari anawaona sasa hivi. Asiingie analia."

"Leo hasalimii mtu," alisema Bibi Esta.

Daktari Noel aliinua kichwa, akamwona bibi kizee, mama mtu, na furushi la kanga. Alimtambua Witness. Usoni mwake kulipita kitu kama uchovu. "Mama, zile dawa hazijaisha. Tumpe muda."

"Shikamoo, daktari," alisema Witness, ingawa huenda walikuwa rika moja. "Nisamehe. Zile siku nyingine nilikudanganya. Nilisema anapata shida kidogo. Si kidogo. Akilala hapumui. Naomba umtazame amelala. Usimguse, usimwamshe, tazama tu."

Noel alitupa jicho mlangoni, benchi lilikuwa limejaa hadi nje. "Mlazeni," alisema.

Wakamlaza chali kitandani. Noel akamchomeka kidoleni kibanio kidogo chenye kitaa chekundu, kile kinachopima hewa iliyo kwenye damu, akasimama amekunja mikono.

Nathanaeli akalala vizuri.

Alikoroma, ndiyo, lakini kwa mpangilio, hewa inaingia, hewa inatoka, kama mtoto yeyote mwenye mafua. Noel akatazama kibanio, kisha saa. Nje mtu akabisha. Bibi Esta akasaga meno yaliyobaki. Na Witness, ambaye miezi yote hiyo alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja tu, aligundua kwamba sasa anaomba kinyume chake. Alikuwa anaomba mwanawe akose pumzi. Baba wa mbinguni, mbele ya huyu, mara moja, halafu umrudishe. Aliona haya kwa sala ile hata machozi yakamtoka, lakini hakuikatisha.

"Mama," alianza Noel kwa upole, "nadhani..."

Trekta likazima.

Mikono ya Witness iliruka yenyewe. Aliikamata, akaikalia, akaiminya chini ya mapaja kwenye kiti cha plastiki mpaka vidole vikafa ganzi. Asimguse. Akimgusa atapumua, na akipumua watarudi nyumbani na dawa ya maji. Mbavu zikajichora. Tumbo likazama. Noel aliikunjua mikono. Akainama, akasogeza sikio mdomoni mwa mtoto, akaangalia kibanio ambacho namba yake ilikuwa inashuka, inashuka, na rangi ilikuwa imemtoka yeye daktari kabla ya kumtoka mtoto.

"Daktari," alisema Bibi Esta, "inatosha."

Noel alikwishamshika kidevu. Nathanaeli akakurupuka, akameza hewa kwa ule mkoromo, akakaa kitako katikati ya watu watatu wazima walioacha kupumua pamoja naye. Macho yakazunguka, yakaona koti jeupe. Mjukuu wa Bibi Esta, aliyelelewa na mkwe wa Bibi Esta, hakuhitaji kuambiwa.

"Shikaboo, daktari."

Safari hii Noel hakutabasamu. Alivuta kiti akaketi, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mzee wangu. Na pole sana." Akachukua tochi. "Achama. Sema aaa." Alitazama kwa muda, akamwita Witness aje atazame naye. Pande mbili za koo kulikuwa na mafindofindo mawili makubwa kama karanga zilizolowekwa, yamekaribiana hadi yanagusana. "Akiwa macho misuli inashikilia njia, inabaki wazi. Akilala inalegea, haya yanakutana, na nyuma ya pua naamini kuna nyama nyingine zimevimba. Ndiyo maana m inatoka b. Na mimi nilicheka." Akazima tochi. "Hii inatibika, mama. Si hapa. Nawaandikia rufaa Dodoma, kwa daktari wa pua na koo, amwone, ataamua kama ni ya kuondoa. Usiku wa leo hamrudi nyumbani. Analala wodini, na kibanio kidoleni, na nesi wa zamu nitamweleza mwenyewe."

"Na kimeo?" aliuliza Bibi Esta. Ilimbidi aulize.

"Kimeo chake hakina kosa, bibi."

Bibi Esta aliitikia kwa kichwa, akaanza kukunja kanga upya ingawa ilikuwa imeshakunjwa. "Nitakaa mimi na mtoto leo wodini," alisema bila kumtazama mkwe wake. "Wewe ulale. Akizima, najua sasa pa kushika."

Witness alitaka kusema hapana, yeye ndiye mama. Aliona mama mkwe anavyoikunjua kanga na kuikunja tena, akasema, "Asante, mama." Dodoma ilikuwa mbali, na huko hakujua mtu, na usiku mwingi ulikuwa bado mbele yao. Lakini walikuwa watatu sasa walioona.

Nathanaeli alivuta sketi yake. "Baba."

Noel akageuka, kwa mazoea ya mwanaume.

"Abee," aliitika Witness.